Mepo Zilizostawi Msimu Mmoja: Kisa cha Bonsai Tatu za Malindi

Kisa hiki ni cha miti mitatu ya mepo iliyoletwa Malindi kutoka Ulaya, ikatiwa kwenye vyungu vya bonsai, ile sanaa ya Kijapani ya kukuza miti midogo chunguni, katika uwa wa nyumba moja ya Shela, hatua chache kutoka baharini. Mwenye miti ni mwalimu mstaafu, na hapa nitamwita Mwalimu kama mtaa mzima unavyomwita. Amekubali nikieleze chote, kwa kuwa anajua wako wengine hapa pwani wanaotamani kuagiza miti hii. Ilistawi msimu mmoja, kisha ikaanza kudhoofika. Naandika kwa kirefu kwa sababu kila aliyeitazama kabla yangu alikuwa na jibu lake, na karibu kila jibu lilikuwa na ukweli ndani yake. Maradhi yalikuwa matatu yamelaliana, na lile kubwa ndilo lililokuwa chini kabisa.

Kwa asiyeifahamu, mepo ni mti wa nchi zenye majira ya baridi. Jani lake ndilo lililo katikati ya bendera ya Kanada tangu 1965. Kwenye bonsai hutumika zaidi aina mbili. Ya kwanza ni Acer palmatum, mepo ya Kijapani, ambayo jani lake lina vidole vitano hadi saba vilivyochongoka. Ya pili ni Acer buergerianum, asili yake mashariki ya China, yenye jani dogo la ncha tatu na mizizi inayonenepa upesi. Watu huzipenda kwa mambo mawili: majani yanayogeuka mekundu kabla ya kupukutika, na matawi membamba yanayoonekana mti ukiwa uchi wakati wa baridi. Hili la pili ndilo linalomtenga fundi na mwanafunzi, kwani mti usio na jani hauwezi kuficha mkato mbaya wala tawi lililokaa pasipo pake.

Mwalimu alikuwa na mbili za Kijapani na moja ya ncha tatu.

Mwaka wa kwanza

Miti ililetwa na mpwa wake anayefanya kazi Italia. Alifuata taratibu zote: kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea Kenya, kabla ya safari, na cheti cha afya ya mimea kutoka kule ilikotoka. Mizizi ilioshwa ikabaki mitupu, maana udongo wa kigeni hauingizwi nchini hivi hivi. Ilifika mwishoni mwa Februari haina hata jani moja, imezungushiwa karatasi zenye unyevu. Wakati huo Malindi kaskazi bado inavuma, mchana joto linapita nyuzi 30 na usiku haupoi.

Mtu angetarajia ife. Badala yake, baada ya wiki chache tu ilifumuka yote kwa pamoja, kuanzia macho ya chini, yaani sehemu za tawi zinazotoa chipukizi, karibu na udongo mpaka ncha za juu. Zile mbili za Kijapani zilitoa majani mekundu mabichi, na majirani wakawa wanaingia uwani kuzitazama. Mwalimu aliamini kwamba amepata ile rangi ya picha za bustani za Kyoto. Wekundu ule ulikuwa wa majani machanga. Aina nyingi za mepo huchipua na rangi hiyo, ambayo hukinga jani changa na jua kali, kisha jani likikomaa hugeuka kijani. Rangi ya mwisho wa msimu ni jambo jingine kabisa: inataka mchana wa jua na usiku wa baridi kwa wiki kadhaa mfululizo, na hali hiyo Malindi haiji.

Ukuaji ule wa mwaka wa kwanza ndio uliowapoteza watu wote waliokuja kuitibu baadaye. Hoja yao ilikuwa moja: kama hali ya hewa ya hapa haiufai mti huu, mbona ulistawi vile? Kwa hiyo wakatafuta kosa lililoingia baadaye, mdudu au kuvu au mbolea mbovu. Duka moja la pembejeo lilimuuzia dawa ya kuvu, akapuliza, hakuona tofauti. Jirani alimshauri aiondoe juani. Mwingine akasema ni hasidi.

Nilichokikuta

Nilipoitwa ulikuwa mwaka wa pili, mwezi wa Machi. Mwalimu alinikaribisha barazani, tukasalimiana, kisha akaniongoza uwani kwenye kibao chini ya mwembe alikokuwa amevipanga vyungu vyake.

"Mwanangu, maji nawapa, mbolea nawapa, kivuli hiki hapa. Sasa wanataka nini?"

"Niache kwanza niwatazame, Mwalimu. Sitaki kukupa jibu la haraka."

Nilianza na jani. Nililichuma moja la mepo ya Kijapani, lililokomaa, nikaliweka kwenye kiganja. Kingo zake zote zilikuwa zimekauka rangi ya kahawia, ncha za vidole zimejikunja, na mpaka kati ya sehemu iliyokufa na iliyo hai ulikuwa mkali kama uliochorwa kwa kalamu. Katikati jani lilikuwa kijani kizuri. Jani lililoungua kwa jua halikai hivyo. Jua huacha mabaka pale lilipopiga, na mara nyingi huacha mabaka katikati ya jani. Kingo zikifa zote kwa usawa, kwanza shuku chumvi: mti huvuta maji kutoka mizizini, maji huvukizwa na jani, chumvi hubaki, nayo hujikusanya mwisho wa safari, yaani pembeni.

Kisha nikachuma jani changa la juu. Hili lilikuwa na hadithi nyingine. Lilikuwa la manjano iliyopauka huku vishipa vyake vimebaki kijani, kila kishipa kikionekana wazi. Hiyo ni dalili ya kukosa madini ya chuma, na kwa mepo mara nyingi maana yake si kwamba chuma hakimo kwenye udongo, bali kimefungika kwa sababu udongo una chokaa nyingi. Mepo hupenda udongo wenye uchachu kidogo.

Dalili ya tatu ilikuwa kwenye macho ya matawi, na hii hakuna aliyekuwa ameitazama. Mepo hutoa macho mawili mawili, yanayotazamana kwenye kila kifundo. Mti wenye afya ukiamka, macho hayo hufumuka karibu kwa wakati mmoja. Hapa ncha za matawi ya juu zilikuwa na chipukizi ndefu, dhaifu, huku macho ya chini yote yamefumba. Tawi moja lilikuwa na majani ya mwaka uliopita ambayo hayajaanguka, majani yaliyokomaa ya mwaka huu, na chipukizi mbichi, yote kwa pamoja. Nilikwangua gamba la tawi la chini kwa ukucha. Ndani palikuwa kijani. Tawi lilikuwa hai na macho yake yalikuwa hai, lakini hayakufunguka, na joto lilikuwepo la kutosha.

Chumvi na chokaa

Tulianza na yale mawili yanayopimika nyumbani. Maji ya kumwagilia yalitoka kisimani, na kisima kilicho karibu na bahari Malindi si ajabu kikawa na chumvi. Tuliyamimina kwenye sahani nyeusi tukaiacha juani mpaka ikakauka. Ilibaki duara jeupe la unga. Tulifanya hivyo hivyo kwa maji ya mvua yaliyokuwa kwenye pipa, sahani ikabaki karibu safi. Udongo nao tuliutia siki. Ulitoka povu hapo hapo, kwa kuwa Mwalimu alikuwa amechanganya mchanga wa ufukweni wenye matumbawe na makombe yaliyosagika, na hayo ni chokaa.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo wageni wa pwani wasingelifikiria. Udongo ule ulikuwa na usumba mwingi. Usumba wa makumbi ya nazi ni kitu kizuri sana kwenye chungu, hushika maji bila kuziba nafasi yote ya hewa. Lakini huku kwetu makumbi ya kusokotea kamba huzikwa kwenye tope la bahari yaoze, na usumba wake hutoka umejaa chumvi. Mwalimu alikuwa ameupata kwa msuka kamba. Usumba wa namna hiyo unahitaji kulowekwa na kusuuzwa kwa maji yasiyo na chumvi tena na tena kabla haujagusa mzizi wa mti wowote, seuze mepo.

Dawa ya haya haikuwa ngumu. Maji ya kisima yaliachwa kabisa, na Mwalimu akafunga mfereji wa bati uliopeleka mvua ya paa kwenye tangi. Udongo ulibadilishwa nusu kwanza na nusu baadaye, ili mizizi isishtuke yote kwa mara moja. Mchanganyiko mpya ulikuwa vipande vya matofali ya kuchoma vilivyochekechwa, kokoto nyepesi za volkano zinazotoka Bonde la Ufa, na samadi kidogo iliyooza vizuri. Kwa chuma tulitumia aina inayoitwa EDDHA, kwa kuwa aina zilizozoeleka zaidi hupoteza nguvu udongo ukiwa na chokaa, na hii haipotezi.

Majani yaliyofuata yalitoka safi, kingo nzima, rangi ya kijani iliyoiva. Mtu angeweza kufunga daftari hapo, na nadhani wengi wangefunga. Lakini macho ya chini yalikuwa bado yamefumba, na matawi ya chini yakaanza kufa moja moja, huku mti ukiendelea kutoa chipukizi za juu kila baada ya muda bila mpangilio. Kwa bonsai hiyo ni hasara isiyofidika upesi, kwa sababu tawi la chini ndilo linalojenga umbo, na likishakufa itabidi uanze upya kwa miaka.

Mti usiolala

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Mepo ikiwa kwao huambiwa na mambo mawili kwamba msimu umekwisha: mchana unafupika na baridi inaingia. Tokyo, tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka inakaribia saa tano. Malindi, iliyo nyuzi tatu na kitu kusini ya ikweta, tofauti hiyo haifiki nusu saa. Mti ukipata habari hizo huacha kukua, hurudisha ndani ya shina na mizizi kile kinachofaa kutoka kwenye majani, huyakata majani yenyewe, na macho hufunga. Kufunga huku si kungoja joto tu. Macho yaliyofunga hayafunguki hata ukiyapa joto, mpaka kwanza yapitie baridi ya kutosha. Wakuzaji wa mepo ya Kijapani huhesabu takriban saa 1,000 chini ya nyuzi 7. Ndivyo mti unavyojikinga usidanganywe na siku mbili tatu za jua katikati ya baridi kali.

Usiku wa Malindi, hata ule wa Julai kusi ikivuma, hukaa kwenye nyuzi 21 au 22. Saa za chini ya nyuzi 7 kwa mwaka mzima ni sifuri.

Kwa nini basi mwaka wa kwanza ulikuwa vile? Kwa sababu miti ilipong'olewa Italia mwezi wa Februari ilikuwa imeshalala karibu majira yote ya baridi. Ilikuja na deni lake la baridi limelipwa. Ilipokutana na joto la Malindi, macho yote yalikuwa tayari, yakafunguka yote. Ustawi ule ulitokana na baridi ya Italia, na haukusema lolote kuhusu Malindi. Hili nalisisitiza kwa kila anayenionyesha picha ya mepo yake mpya iliyojaa majani: usinionyeshe ya mwaka huu, nionyeshe ya mwaka wa tatu.

Mwaka wa pili deni halikulipwa. Macho machache ya juu, ambayo hayakuwa yamefunga sana, yalifunguka, mengine yakabaki. Mti ulikuwa macho nusu na usingizini nusu, ukitumia sukari iliyohifadhiwa mizizini bila kupata nafasi ya kuirudisha.

Hapo tena likaingia jambo moja lililoongeza kasi. Mwalimu alisoma kwamba mafundi wa Japani huinyonyoa mepo majani yote mapema kiangazini, ili itoe majani madogo zaidi na matawi membamba zaidi. Ni kweli hufanya hivyo, hasa kwa ile ya ncha tatu. Lakini hufanya kwa mti wenye nguvu, ulioshiba mbolea, na hawaufanyii kila mwaka. Mwalimu aliinyonyoa mepo moja ya Kijapani Juni ya mwaka wa pili, kabla hatujamaliza kubadilisha udongo. Ilitoa majani madogo kweli, yakawa ya mwisho. Kufikia Novemba ukikwangua gamba ulikuta kahawia mpaka shinani.

Hakuna sababu ya kumlaumu kwa hilo. Mafunzo ya mepo yameandikwa na watu ambao baridi yao ipo tu, kama hewa, hawana haja ya kuitaja. Wanaandika "mwezi wa sita" wakimaanisha mti uliolala miezi minne, ukaamka, ukakua, ukakomaza jani. Msomaji wa Malindi ana mwezi wa sita pia, ila hana hayo mengine.

Miti miwili, njia mbili

Ilipobaki miwili, tuliafikiana kila mmoja uende njia yake.

Ile ya Kijapani ilipelekwa Limuru kwa mtu aliyesomeshwa na Mwalimu zamani. Limuru iko karibu mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 kila ukipanda mita 1,000, kwa hiyo mti ulihamia mahali penye baridi zaidi kwa nyuzi kama 14. Baridi hiyo si ya Japani. Hata hivyo Julai na Agosti usiku wake ni mkali, na mabondeni hutokea jalidi. Mti ulipunguza kukua, ukaangusha majani polepole, ukakaa wiki kadhaa karibu uchi. Ulipofumuka, macho ya katikati yalifunguka pamoja na ya juu. Ya chini kabisa bado. Miaka miwili ni michache kutoa hukumu, lakini haujapoteza tawi jingine tangu ufike huko.

Ile ya ncha tatu ilibaki Malindi, nayo tukaitumia kuthibitisha kwamba hoja ya kulala ni ya kweli. Mwalimu alinunua friji kuukuu. Miezi miwili kabla, mti ulikatiwa mbolea. Mapema Mei majani yalikatwa kwa mkasi, vikonyo vikaachwa vianguke vyenyewe. Chungu kikalowanishwa, kikafungwa kwenye mfuko wenye matundu ili udongo usikauke, kikaingizwa. Wiki mbili za mwanzo friji liliwekwa kwenye joto la juu linaloweza, kisha likashushwa hadi nyuzi 4 au 5, likapimwa kwa kipimajoto kilichoachwa ndani. Hapakuingia embe wala ndizi humo, maana matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, nayo hudhuru macho ya mti uliolala. Mti usio na majani hauhitaji mwanga, kwa hiyo giza halikuwa tatizo. Umeme ulikatika mara kadhaa, lakini friji lisipofunguliwa hushika baridi yake kwa saa chache, na hatukupata mkatiko wa usiku kucha.

Siku 60 za namna hiyo ni saa 1,440. Ulitolewa Julai, wakati Malindi ina ubaridi wake wa mwaka, ukawekwa kivulini. Macho yalianza kuvimba, magamba yake yakaachana yakaonyesha rangi ya waridi ndani, na safari hii yalifumuka jozi kwa jozi kuanzia chini. Macho ambayo yalikuwa yamefumba kwa mwaka mzima yalitoa majani. Udongo ulikuwa ule ule, maji yale yale, uwa ule ule. Kilichobadilika ni baridi peke yake.

Hapo ndipo watu wengi wangependa niseme kwamba dawa imepatikana. Mimi sisemi hivyo, na nilimwambia Mwalimu wazi. Friji limethibitisha ugonjwa, lakini kwa mti unaotaka kuishi miaka 50 si maisha. Utalipa umeme wa miezi miwili kila mwaka kwa ajili ya chungu kimoja. Mkatiko mmoja mrefu katikati ya Juni, mti unaamka gizani na kumaliza akiba yake. Na mepo ya ncha tatu ikifanyiwa kazi vizuri shina lake hunenepa, matawi yakatanuka, ikawa haiingii tena kwenye friji lolote la nyumbani. Unaishia kuzuia ukubwa wa mti kwa sababu ya mlango wa friji, badala ya kuutengeneza kwa sababu ya uzuri wake.

Nilimkumbusha pia habari ya Omiya, kule Saitama, Japani. Baada ya tetemeko kubwa la ardhi la 1923 kuiharibu Tokyo, kundi la wakuzaji wa bonsai lilihama jiji, na mwaka 1925 wakaanzisha kijiji chao Omiya, kwa sababu hapo palikuwa na nafasi, udongo, maji na hewa inayofaa miti. Mafundi wa sanaa hii, kwenye nchi yake mwenyewe, walihamisha nyumba zao kufuata mahali panapoufaa mti.

Kazi ya mepo kwenye mti wa Malindi

Mwalimu hakukata tamaa na bonsai, na hili ndilo lililonifurahisha zaidi katika kisa chote. Aliniuliza ni nini hasa katika kazi ya mepo kinachoweza kubaki ikiwa mepo yenyewe itaondoka. Tulikaa tukakitafuta.

Kwanza ni mizizi ya juu, ile inayotambaa kutoka kwenye kitako cha shina pande zote. Tsutomu Ebihara, fundi wa Japani aliyepata sifa kwa mepo zake za ncha tatu, alikuwa akilaza kitako cha mti juu ya ubao na kupigilia misumari kuongoza kila mzizi mahali pake, kisha akaupanda ubao pamoja na mti. Kwa miaka kadhaa mizizi huungana ikawa sahani moja. Mikuyu ya hapa hukubali kazi hiyo hiyo, tena kwa muda mfupi zaidi, kwa sababu hailali na hukua mwaka mzima. Anayetaka kuona mwisho wa kazi hiyo aende magofu ya Gede, yaliyotiwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024, atazame mizizi inavyomiminika juu ya kuta za matumbawe na kuzishika. Aende kutazama tu. Gede na msitu wa Arabuko-Sokoke ni mahali palipolindwa, na mche wa kuiba huko haufai kuwa mwanzo wa bonsai ya mtu yeyote.

Wala hakuna haja ya kwenda mbali. Ndege hula tini za mikuyu na kudondosha mbegu kwenye nyufa za kuta, kwenye mifereji ya mapaa, chini ya matangi ya maji. Mwenye nyumba hufurahi ukimwondolea kabla haijapasua ukuta wake. Mwalimu aliung'oa mmoja kwenye tangi la jirani yake, una kitako kinene kuliko mepo zake zote na mizizi iliyokwisha kujilaza yenyewe kwa kukosa udongo. Ndio ulio kwenye ubao sasa.

Pili ni ule uchi wa matawi. Hapa jibu ni mbuyu. Mbuyu huangusha majani, ila huambiwa na ukame, si baridi, na ukame huku upo. Ukiupunguzia maji mwezi wa Januari mpaka karibu na masika, unabaki matawi matupu na shina nene la kijivu, unalala kwa njia ya kwao. Jani lake nalo lina vidole vitano na zaidi. Mbegu zitolewe kwenye buyu lililokomaa, lisilopikwa, ulilolipasua mwenyewe, maana zile za mabuyu ya kulamba zimepikwa na sukari na haziwezi kuota. Ganda lake ni gumu. Likikwaruzwa kidogo kwa tupa na mbegu ikalowekwa usiku kucha, huota bila taabu.

Tatu ni udogo wa jani, na hapo mkwaju hauna mshindani. Vijani vyake ni vidogo tangu mwanzo, gamba lake hupasuka na kuonekana la kizee ungali mdogo, na upepo wa bahari unaujua. Mtu wa Malindi anayeniuliza aanze na mti gani, humwambia mkwaju, halafu mkuyu, na mbuyu kwa mwenye subira. Wale wanaoletewa mtandaoni vifurushi vya "mbegu za bonsai" nawasihi wasinunue. Bonsai haina mbegu yake; ni mti wa kawaida uliofanyiwa kazi. Na mepo ya buluu wanayoonyeshwa kwenye picha haipo duniani.

Tofauti moja ya kazi Mwalimu ameijifunza kwa mkono wake. Waya wa alumini wa kuelekeza matawi uliokaa kwenye mepo miezi mingi bila kudhuru, kwenye mkuyu wa Malindi wakati wa masika huanza kuzama kwenye gamba baada ya wiki chache. Huukagua kila Ijumaa, na ukianza kukaza huukata vipande vipande kwa koleo, hauviringui, kwa kuwa kuviringua huvunja macho.

Mepo ya ncha tatu nayo itapanda Limuru mapema Juni, ikiwa na majani yake, ili ikutane na usiku wa baridi wa Julai polepole badala ya kuingizwa frijini tena. Tumekubaliana na mwenyeji wake kwamba mwaka wa kwanza asiikate, asiinyonyoe, wala asiibadilishie udongo, na kwamba atatupigia picha ya macho ya chini, si ya majani ya juu, kila mwanzo wa mwezi.